Nasaba ya Isambaza na Uadilifu wa Ushahidi



Ndugu zangu katika imani, isambaza tunaowanunua hapa Kamembe si wenyeji wa Ziwa Kivu. Waliletwa na watu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Habari hiyo haimsumbui mtu, kwa kuwa wapo walioshuhudia.

Lakini nasaba yao inarudi nyuma zaidi. Mwaka 2008 Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer walichapisha utafiti wa vinasaba kuhusu dagaa wa Tanganyika. Walieleza kuwa asili yao ni samaki wa baharini, jamaa wa sadini, walioingia Afrika Magharibi miaka milioni 25 hadi 50 iliyopita, bahari ilipokuwa imefunika sehemu ya nchi kavu. Kizazi chao kikaenea barani hadi Tanganyika, ziwa ambalo lenyewe halijawahi kuungana na bahari.

Hapo baadhi yetu huuliza: nani alikuwepo? Ni swali la haki, maana Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakiki habari. Lakini je, shahidi ni jicho peke yake?

Katika utafiti wa namna hii hutumika sana DNA ya mitokondria, ambayo kwa kawaida hurithiwa kwa mama. Inaponakiliwa hutokea mabadiliko madogo, na vizazi huyarithi. Samaki wanaoshiriki mabadiliko mengi yaleyale huhesabiwa kuwa ni wa ukoo wa karibu. Sisi tunaosoma hadithi tunaielewa hoja hiyo: nakala mbili zikiwa na makosa yaleyale mahali palepale, tunajua zina chanzo kimoja. Na kama isnadi ya njia moja inavyotafutiwa ya kuitia nguvu, mitokondria nayo husimulia upande wa mama tu. Kwa hiyo watafiti huilinganisha na DNA ya kiini cha seli na visukuku vya kwenye miamba.

Fiqhi yetu inazijua alama. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifurahi Mujazziz al-Mudliji alipoitazama miguu ya Zayd na Usama, nyuso zao zikiwa zimefunikwa, akasema ni ya damu moja. Wanazuoni wengi wakaikubali qiyafa katika kuthibitisha nasaba, Mahanafi hawakuikubali. Walikhitalifiana juu ya uzito wa alama, na khitilafu hiyo haikumtoa yeyote katika dini.

Tuseme ukweli: kinachotutia hofu si isambaza. Tunahofu kwamba tukikubali nasaba ya samaki, kesho tutaulizwa juu ya Adam (A.S.). Lakini hofu si hoja. Kila dai lina ushahidi wake na lipimwe kwa huo. Anayeukataa ushahidi wa samaki kwa kuogopa swali jingine amemdhulumu shahidi. Na anayeichukua DNA ya samaki akatangaza kuwa ulimwengu hauna Muumba, amemsemesha shahidi asilolisema. Mitokondria inaeleza njia waliyopita samaki; kwa nini kuna maji, samaki na akili ya kuwatafakari, hilo haligusi.

Basi mwenzetu anayesoma biolojia asiwe na ulimi mmoja kwenye mtihani na mwingine msikitini. Aseme kiasi ushahidi unachobeba, asipunguze wala asizidishe, kote kuwili. Ushahidi ni amana, hata ukiwa juu ya samaki wa urefu wa kidole.

Wallahu a'lam.