Haki ya Kutia Ukungu

Je, anayempiga mtu picha ana wajibu wa kumwonyesha kama alivyo, au kama mwenyewe apendavyo kuonekana? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, la watu wenye nafasi ya kuchezea kamera. Lakini mtu akianza kujifunza kupiga picha za watu ndani ya nyumba, hasa nyumba zetu za milimani, atakutana nalo mapema. Atalikuta limejificha ndani ya jambo lionekanalo kuwa la ufundi tu: namna ya kupata uso ulio wazi, usio na ukungu.

Mimi ni zao la chuo cha ualimu, na niliongoza shule hadi nilipostaafu. Ufundi wa picha nilianza kujifunza uzeeni, mwanangu mmoja aliponiletea kamera ya kidijitali yenye lenzi ya milimita 50. Nikajipa kazi ya kuwapiga picha wazee wa wilaya yetu ya Same, kuanzia tambarare kando ya barabara kuu iendayo Arusha hadi vijiji vya juu vya Mbaga na Chome, kule ambako kilele cha Shengena chenye mita 2,462 hujifunika wingu asubuhi.

Kilichonisukuma ni misiba. Siku hizi picha ya marehemu huwekwa mezani au mbele ya jeneza. Kwa mzee wa kijijini, mara nyingi picha hiyo imekatwa kutoka katika picha ya harusi ya mtu mwingine, ambamo marehemu alisimama mstari wa tatu, uso wake ukiwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Fundi wa mjini huukuza uso huo hata ukajaa fremu. Lakini kukuza hakuongezi kitu ambacho lenzi haikukinasa. Kinachokuzwa ni ukungu. Wajukuu huinama kuitazama, na kila mmoja humwona babu aliye kichwani mwake, wala si babu aliye kwenye karatasi. Wale watakaozaliwa baadaye hawatamwona mtu yeyote.

Wapare wa zamani walilijua hitaji hili la kubaki na mtu wao. Mafuvu ya wahenga yalitunzwa katika misitu mitakatifu ya koo, ili walio hai wajue waende wapi wanapotaka kusema na waliotangulia. Kila mmoja ana maoni yake juu ya desturi hiyo. Mimi nataja jambo moja tu: kilichohifadhiwa ni kichwa. Hakuna aliyehifadhi mkono au mguu. Mtu tunamtambua kwa uso, na asiye na uso huanza kupotea.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe, maana hoja yangu imo ndani yake.

Lenzi haiwezi kuona vyote kwa uwazi uleule. Kuna umbali mmoja tu ambao huona sawasawa. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake huanza kulegea. Ndani ya nyumba mwanga ni haba, kwa hiyo anayeanza hufungua tundu la lenzi hadi mwisho ili mwanga uingie. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu tundu likiwa kubwa, eneo lililo wazi huwa jembamba. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, kina cha eneo hilo ni kama sentimita 10 au pungufu. Ukilenga sikio, jicho limekwenda. Mwenye kukaa akiinama kidogo kukohoa, umempoteza. Ukifunga tundu hadi f/5.6, kina hicho huongezeka mara tatu, lakini mwanga unaoingia hupungua karibu mara kumi. Kamera itahitaji muda mrefu zaidi kuunasa mwanga huo, na katika muda huo mkono wako utatikisika au mzee atapumua. Hakuna njia ya kupata vyote. Mshika mbili moja humponyoka.

Kwa sababu hiyo picha yenye ukungu huwa na moja ya magonjwa mawili, na anayejifunza hana budi kuyatofautisha. Aikuze picha kwenye kioo cha kamera na kuichunguza. Akiona kitu kingine kiko wazi kabisa, kama ukosi wa shati, maua ya kanga au ufa wa ukuta wa nyuma, basi kamera ilitulia ila ililenga pasipo. Akiona kila kitu kimevutika upande mmoja, basi alilenga vema ila mkono ulitikisika. Na ikiwa uso tu ndio uliovutika, aliyetikisika ni mwenye kupigwa picha. Ugonjwa wa kwanza ni wa kutojua unamtazama nani. Wa pili ni wa kukosa utulivu. Nimekaa na walimu na wazazi miaka mingi, na nathubutu kusema kwamba kutoelewana kwetu kwingi hutokana na haya mawili.

Tiba zake si ghali. Zima flashi, kwa maana huubapisha uso na kumshtua mzee. Msogeze karibu na mlango ulio wazi, bado akiwa ndani, uso wake ukielekea nje kwa mshazari. Nyumba nyingi za milimani zina madirisha madogo kwa sababu ya baridi, hivyo mlango ndio dirisha kubwa kuliko yote. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila hofu. Chembechembe kwenye picha husameheka, ukungu kwenye jicho hausameheki. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu au meza. Usiiachie kamera ijichagulie pa kulenga, kwani mara nyingi hukimbilia penye michoro mikali, na kanga huishinda ngozi. Ichagulie nukta moja, na nukta hiyo uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Kisha ngoja apumue nje, ndipo ubonyeze.

Kungoja huku si jambo jipya. Miaka michache baada ya Daguerre kutangaza ugunduzi wake Ufaransa mwaka 1839, watu waliopigwa picha waliegemezwa kisogo kwenye chuma kilichofichwa nyuma yao, ili wasitikisike kwa sekunde nyingi zilizohitajika. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga kila mteja picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Kwetu Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, nako watu walikwenda wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakakaa, wakatulia. Ughali wa filamu uliwalazimisha wapiga picha hao kumtazama mtu kabla ya kubonyeza. Sisi tunabonyeza mara thelathini bure, halafu tunatafuta kama ndani yake kuna mtu.

Hadi hapa yaonekana kana kwamba uwazi daima ni mwema na ukungu daima ni mbaya. Sivyo.

Shangazi yangu mmoja, aliyekuwa amekaribia miaka 90, alikaa mlangoni kwake nikampiga picha. Ilitoka wazi hata ungeweza kuhesabu kope. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akasema, “chombo chako hiki hakina adabu.”

Nikamwuliza kama ni makunyanzi yaliyomuudhi, nikamwambia kuwa wapo wanaoyafuta siku hizi.

“Makunyanzi ni yangu, nimeyafanyia kazi. Yaache. Ila jicho hili limeniacha zamani. Vitukuu wanikumbuke kwa jicho lililokufa?”

Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa. Ufundi nilioueleza hapo juu ulitosha kabisa kulionyesha. Ulitosha pia kufanya jambo jingine. Nilimwomba ageuke kidogo, jicho zima likaja upande wangu na upande wa mlango, jicho gonjwa likarudi nyuma kivulini. Nikafungua tundu la lenzi hadi f/2, nikalenga jicho zima. Lile jingine halikufutwa. Lilibaki pale pale, laini, katika ukungu. Alipoiona akasema, “Huyu ndiye mimi,” na hakutaka nyingine.

Je, nilidanganya? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na jibu langu ni hapana. Kuna tofauti baina ya kunyamaza na kusema uongo. Simu nyingi za leo hulainisha ngozi, hupanua macho na kuchonga mashavu, nyingine bila hata kuombwa. Huweka usoni kitu ambacho hakikuwapo, na huko ni kusema uongo. Ukungu wa lenzi hauongezi kitu. Hutuambia tu kwamba hapa pana kitu, lakini tumekubaliana tusikitazame kwa sasa. Hivyo ndivyo watu wenye adabu wafanyavyo wanapoketi na mwenzao mwenye kovu: hawalikani kovu, ila wanamtazama machoni.

Hata hivyo, neno “tumekubaliana” ndilo lenye uzito. Huko Uingereza, Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwezi Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Picha zake za nyuso zilikuwa na ulaini uliowakasirisha wapiga picha wengi wa siku zile, wakasema hajui kulenga. Katika barua kwa rafiki yake mwanasayansi John Herschel aliuliza: ni nani hasa mwenye haki ya kuamua kuwa ulengaji huu ndio halali? Ni swali zuri, na wengi wamelitumia kutetea picha zao mbovu. Nami kwa unyonge wangu ningelijibu hivi: haki hiyo haiwi ya mpiga picha peke yake. Ni yake kwa nusu, akitimiza sharti la kuweza. Na nusu nyingine ni ya mwenye uso.

Nieleze sharti hilo la kwanza. Asiyeweza kuonyesha jambo waziwazi hana cha kuficha. Ukungu wake ni ajali, hata akiuita sanaa au huruma. Katika maisha ya shule nimesoma maelfu ya ripoti za wanafunzi zilizoandikwa “ajitahidi zaidi” kwa mtoto wa kwanza na kwa mtoto wa mwisho. Anayeziandika hivyo huenda akasema kwamba amemstahi mtoto asimvunje moyo. Lakini ukimwuliza mtoto huyu hasa ameshindwa wapi, hajui. Huko si kumstahi, ni kutomtazama. Mwalimu mwingine anajua kwamba mtoto hafanyi hesabu vizuri tangu baba yake alipofariki, na kwenye ripoti itakayosomwa na ukoo mzima anaandika mstari mmoja tu, kisha anamwita mama pembeni. Ripoti zote mbili zina maneno machache. Moja ina ukungu wa uzembe, nyingine ina ukungu wa heshima. Kwa mbali zinafanana, na mwenye kuzijua tofauti zake kwa hakika ni dhamiri ya aliyeandika.

Sharti la pili ni ridhaa. Kama ningeamua peke yangu kulificha jicho la shangazi bila yeye kusema, ningekuwa nimemwambia, bila maneno, kwamba jicho lile ni aibu. Wapo wazee wengine ambao wangetaka jicho hilo lionekane kuliko lote, kwa kuwa wameishi nalo na kulima nalo. Huwezi kujua pasipo kuuliza. Na wala kuonyesha kila kitu kwa sababu eti ni ukweli hakukupi usafi wa moyo. Ukweli juu ya mtu una mwenyewe, na kuutangaza bila ruhusa ni sawa na kuingia nyumbani kwake bila hodi.

Ndugu msomaji, ikiwa nawe umepata kamera leo na unataka kuwapiga picha wazee wa kwenu, ushauri wangu hauna siri. Jifunze kwanza uwazi, hadi uweze kuupata jioni, ndani, katika nyumba ya dirisha moja. Usiruke hatua hiyo kwa kisingizio cha ulaini. Kisha, ukiwa umeuweza, weka kamera mezani umwulize aliyekaa mbele yako angependa akumbukwe kwa lipi. Atakachokutajia, hapo ndipo pa kulenga. Na yale asiyoyataja, lenzi yenyewe inajua kuyaacha. Fanya upesi kidogo katika kuanza, si katika kubonyeza. Wazee hawa hawatungoji, na picha ya harusi ya mtu mwingine haitoshi kuwa kumbukumbu ya maisha mazima.