Mwenye Heri Alivyogeuka Mpumbavu

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba "silly" ni mpumbavu, na mambo huishia hapo. Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita angeitwa hivyo, angeitikia amina. Enzi hizo neno lilikuwa "sælig": mwenye heri, aliyejaliwa na Mungu.

Halikuanguka kwa siku moja. Mwenye heri hana hatia, basi likawa neno la wasio na hatia. Asiye na hatia huonewa, kwa hiyo likawa la wanaohurumiwa. Washairi wakampachika hata kondoo neno hilo. Anayehurumiwa huonekana dhaifu, kwanza wa mwili, kisha wa akili. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Waraka wa Pili kwa Timotheo, linawataja wanawake wanaolaghaiwa kirahisi. Heri imeshayeyuka.

Kiingereza hakiko peke yake. Mfaransa akimwita mtu "benêt" anamwita zuzu, ilhali neno hilo lilizaliwa na lile la Kilatini la mbarikiwa. Na nje ya maneno pia heri na upumbavu hukaribiana: Moscow lipo kanisa la makuba ya rangi, lililojengwa kati ya 1555 na 1561 kwa amri ya Ivan wa Kutisha. Watu hulijua kwa jina la Vasili Mbarikiwa, ambaye masimulizi yanasema alizunguka mjini uchi hata kwenye theluji, kama mwendawazimu. Waorthodoksi wanao watakatifu kadhaa wa namna hiyo, wapumbavu kwa ajili ya Kristo. Jina hilo limetoka kwa Paulo, aliyejiita hivyo alipowaandikia Wakorintho.

Je, sababu ni dunia inayomcheka mcha Mungu? Jibu hilo ni jepesi mno. Mwenye dhihaka huwa anamwona mwenzake ni mtu wa kupambana naye. Mwenye huruma ndiye humwangalia kutoka juu, na ndiye aliyelishusha neno hili ngazi kwa ngazi. Waswahili husema "maskini wa Mungu" kwa upole kabisa, lakini nani anapenda kuitwa hivyo hadharani?

Wajerumani walinusurika: mtu akitangazwa mwenyeheri na Papa, wao bado humwita "selig", ndugu wa damu wa "silly". Waingereza wamelipeleka lao hadi kwenye kriketi. Mchezaji anayesimama hatua chache tu mbele ya mpigaji, mpira mgumu ukimpita sikioni, nafasi yake huitwa "silly point". Siku hizi huvaa helmeti.