Kosa Lisiloonekana

Je, kosa ambalo hakuna atakayeliona bado ni kosa? Swali hili lilinijia nilipokuwa najifunza kusuka agaseke kwa shangazi yangu, huko Nyamirambo, hapa Kigali.

Agaseke ni kikapu cha Kinyarwanda chenye kifuniko kilichochongoka. Ndani ya kila mzunguko mna majani makavu. Juu yake huzungushwa nyuzi za mkonge kwa sindano, kila mshono ukishika mzunguko ulio chini yake. Mapambo yake ni hesabu: ukiruka mshono mmoja, mstari wa rangi huhama. Ni zawadi ya harusi, na picha yake imo katika nembo ya taifa la Rwanda.

Likizo iliyopita nilisuka agaseke iliyoagizwa na jirani kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilipofika mzunguko wa kumi na nane, niligundua kwamba kwenye ule wa kumi na moja mishono kadhaa haikushika. Nikasema, "Shangazi, nikipitisha uzi juu yake hakuna atakayejua." Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanirudishia. "Kweli hatajua. Fumua, mwanangu." Kazi ya siku tatu ikaisha kwa nusu saa. Nilikasirika, na usiku ule nikatafuta hoja za kumpinga.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kosa hupimwa kwa madhara. Agaseke ingewekwa mezani, bibi harusi angefurahi, na hakuna ambaye angeumia. Hoja ya pili ilikuwa kwamba binadamu si mkamilifu, hivyo kufumua kila kosa ni kiburi. Hii ya pili ilinisumbua zaidi, kwa sababu hata agaseke za shangazi zina mishono iliyopinda, naye haifumui.

Lakini nikaona tofauti. Mshono uliopinda uko wazi: mnunuzi anauona, anaweza kuukubali, kuukataa au kuomba apunguziwe bei. Mshono uliofunikwa unamnyima nafasi hiyo. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika udhaifu wa mkono wangu, bali katika kumwamulia mwenzangu bila yeye kujua.

Hoja ya kwanza nayo ina jibu. Katika kitabu chake cha Jamhuri, Plato anasimulia juu ya mchungaji aliyeokota pete iliyomwezesha kutoonekana, na swali linaulizwa: mtu mwenye pete hiyo angekuwa na sababu gani ya kutenda haki? Nadhani kila fundi anayo pete hiyo. Anayo mjenzi anayezika nondo ndani ya zege, na anayo mwanafunzi anayenakili insha ya mwenzake. Tunaishi kwa kuamini ndani ya vitu tusivyoweza kupasua. Imani hiyo ikivunjika, madhara hayaishii kwenye kikapu kimoja. Wahenga walilijua hilo waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwetu Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wajane walikaa kusuka pamoja na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani, na agaseke ikaitwa kikapu cha amani. Mahakama za Gacaca, kuanzia 2002 hadi 2012, zilitaka ukweli usemwe mbele ya majirani. Sithubutu kulinganisha mshono na uhai wa mtu: uzi hufumuliwa ukasukwa upya, aliyeuawa harudi. Ninachosema ni kidogo zaidi. Watu hawawezi kusuka pamoja kwa muda mrefu iwapo kila mmoja anashuku kilichofunikwa na mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo: kosa lisiloonekana bado ni kosa, pale ninapolificha kwa mtu mwenye haki ya kulijua. Kosa lililo wazi ni udhaifu tu, na udhaifu husameheka.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kumweleza jirani kwa nini agaseke ingechelewa. Hakufurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza itakuwa tayari lini.