Ushuhuda Ninaourekebisha



Jumapili ile niliposimama mbele yenu na kusema, "Mke wangu amepona kabisa," mlipiga makofi na vigelegele. Yeye alinyamaza. Usiku akaniuliza polepole, "Baba watoto, na ikirudi, utasema nilikosa imani?" Sikuwa na jibu.

Mnajua tulikotoka. Alianza kuumwa mgongo, tukadhani ni kubeba maji. Kumbe ni mayeloma, saratani ya uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Mlitushika mkono: mbuzi waliuzwa, akina mama wa Rukanga wakatoa pesa za vikapu, tukafika India. Huko walitoa kwenye damu yake seli changa zinazozaa damu mpya, wakazigandisha. Kisha wakampa dawa kali ya kuua ugonjwa, na baadaye wakamrudishia seli zake kupitia mshipa. Nywele zikaisha, mdomo ukajaa vidonda, na kwa karibu wiki mbili mwili wake haukuwa na kinga. Kazi yangu ilikuwa kunawa mikono, kuvaa barakoa na kumbembeleza anywe uji.

Daktari alituambia wazi: matibabu haya huongeza miaka, lakini mara nyingi mayeloma hurudi. Hilo sikuwaambia. Niliogopa mtaona harambee yenu imepotea.

Je, kusema zaidi ya tunachojua ndiyo imani? Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alitibiwa saratani ya damu London, akarudi kazini mwaka 2018, na akafariki tarehe 1 Julai 2019. Nani atathubutu kusema kwamba hakuombewa vya kutosha, au mkewe hakumpenda?

Someni Danieli 3:17-18. Wale vijana watatu walijua Mungu anaweza kuwaokoa, lakini hata kama asingewaokoa, hawangeisujudu sanamu. Imani yao haikuwa na masharti. Mimi nilimtwika mke wangu sharti: siku akiumwa tena, angeficha maumivu ili nisiaibike mbele zenu. Huo si upendo, ni kiburi changu.

Kwa hivyo leo narekebisha. Mke wangu anaendelea vizuri, anameza dawa, anapimwa damu. Mungu ametupa siku hizi na tunamshukuru. Ikirudi, nitakuwa kando yake, na nitamshukuru bado.

Nanyi mkimtembelea, msimpime imani. Muulizeni kama amekula.