Punje ya Mahindi na Haki ya Mtoto



Chukua punje moja ya mahindi uiweke kiganjani mwako. Ikiwa wewe ni mwenyeji wa Ihanda, wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe, hutakwenda mbali kuitafuta, maana Mwenyezi Mungu ameineemesha nchi hiyo kwa mahindi, maharage na kahawa. Umeila punje hiyo maisha yako yote. Lakini je, umepata kujiuliza chakula kilichomo ndani yake kiliwekwa kwa ajili ya nani?

Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, inatuelekeza tuitazame mbegu inavyopasuka na kutoa uhai, ili tumtambue Aliyeiumba. Basi kuichunguza mbegu si kuikimbia dini, bali ni kuitii. Na tuitazame.

Juu ya mmea wa mahindi kuna mbelewele, zitoazo vumbi la chavua. Chini yake, katika hindi changa, kuna ndevu, na kila unywele mmoja ni njia ya kuiendea punje moja. Chembe ya chavua ikitua juu ya unywele huotesha mrija mwembamba, na ndani ya mrija huo hupita mbegu za kiume 2, wala si 1. Mwaka 1898 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Nawaschin, alipokuwa akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi, aligundua kazi ya kila moja. Ya kwanza huungana na yai, kikapatikana kiinitete, yaani mche mchanga. Ya pili huungana na viini 2 vya upande wa mama, ikapatikana akiba ya chakula, ile sehemu kubwa nyeupe tunayoisaga kuwa unga.

Tazama hesabu yake. Sifa za mmea hurithiwa kwa jeni, nazo jeni zimepangwa katika nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Kiinitete cha hindi kina kromosomu 20: 10 za baba na 10 za mama. Lakini akiba ina 30, na katika hizo 20 ni za mama. Ganda la nje nalo lote ni la mama.

Hivyo ndani ya punje wamo ndugu wawili waliotungwa pamoja. Mmoja amewekewa kuishi. Mwingine hujijaza wanga na protini, kisha seli zake nyingi hufa hata kabla punje haijakomaa. Mvua za mwisho wa mwaka zinaponyesha, kiinitete huamka na kupeleka ishara ya kemikali. Vimeng'enya huigeuza ile akiba ya wanga kuwa sukari. Na mche mchanga hulishwa hadi majani yake yatakapoliona jua na kujitafutia riziki. Mmea mzazi umekwisha kukauka zamani, lakini haukufa kabla ya kumwekea mtoto wake chakula.

Baadhi ya watu husema: "Hayo yote ni kazi ya jeni, Mungu anahitajika wapi?" Tunawajibu hivi: Mtu aliyejifunza herufi zote za barua hawezi kudai kwamba kwa sababu hiyo barua haina mwandishi. Elimu hutuonyesha namna kazi ilivyofanyika. Lakini sisi tunaokula ile akiba aliyowekewa mchanga, je, tunawawekea nini wachanga wetu? Swali hili jeni hazilijibu. Huulizwa dhamiri ya mtu, na mbele ya Mola wake atalijibu.

Nalo si swali dogo. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi yetu. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa zima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mikoa ya Iringa na Njombe takriban nusu au zaidi ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa! Sababu ni nyingi, yakiwamo maradhi, maji machafu na uchache wa milo. Lakini mojawapo imo ndani ya punje yenyewe. Sehemu kubwa ya protini ya akiba ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, vitu ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Kwa hiyo ugali mtupu hujaza tumbo, lakini haujengi mwili ipasavyo.

Mwaka 1964 wataalamu Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson, wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, walitangaza jambo la ajabu: badiliko katika jeni moja tu huipunguza ile protini dhaifu, na laisini huongezeka karibu mara 2. Lakini punje hizo zilikuwa laini, zikishambuliwa upesi na wadudu, na mavuno yake yalikuwa haba. Evangelina Villegas wa Mexico na Surinder Vasal wa India walifanya subira ya miaka mingi hata wakapata mahindi magumu yenye lishe ile ile, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Hapa Tanzania pia zilitolewa mbegu za namna hiyo, zikaitwa Lishe.

Hata hivyo mbegu hiyo ina sharti. Umepata kuona punje za njano katika hindi jeupe, kwa sababu upepo ulileta chavua ya shamba la jirani. Vivyo hivyo, punje ya Lishe ikipata chavua ya mahindi ya kawaida huikosa ile sifa yake. Basi mtu peke yake hawezi kuihifadhi vema. Majirani hawana budi kushauriana.

Ewe msomaji uliyeingia katika dini karibuni, au ungali unaitafuta kweli: umeuliza habari za sala na saumu, na umefanya vizuri. Lakini jua kwamba kumlisha mtoto inavyostahili nako ni ibada. Kwa hiyo fanya haya.

Kwanza, usikitupe kiinitete. Mashine ya kukoboa hukiondoa pamoja na ganda, nacho ndicho chenye mafuta mengi na protini bora. Kuku hupewa pumba, na mtoto hubakiwa na weupe. Mpe dona, ila mahindi yakaushwe sawasawa na yenye ukungu yatengwe, maana yana sumu.

Pili, usimpe ugali mtupu. Maharage ya shamba lako yana laisini ambayo katika mahindi ni haba. Dagaa na yai pia humfaa.

Tatu, lori la kwenda Tunduma likija kununua, tenga kwanza fungu la mtoto, ndipo uuze linalobaki. Usiuze maharage yote kwa ajili ya bati, ukamwachia mtoto ugali na chumvi.

Nne, uliza mbegu kwa wajuzi, kama wale wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya.

Mmea usio na akili humtangulizia mtoto wake chakula. Je, mwanadamu aliyepewa akili atashindwa? Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuzisoma ishara Zake, na mikono ya kutekeleza tuliyoyasoma. Amin.