Ngozi ni Amana, Uzee si Aibu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kutoka udongoni, akatupa ujana bila ya sisi kuomba, na akatupa mvi bila ya kutushauri. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, na wewe ndugu msomaji uliyeikosa hotuba kwa sababu ya kazi ya mgodini au ya sokoni, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusia wewe: tumche Allah katika siri na dhahiri. Hotuba ya leo inahusu kitu ulichokiona asubuhi kwenye kioo kabla hujatoka nyumbani. Inahusu ngozi ya uso wako.

Mama mmoja wa mtaa wetu huuza unga sokoni. Ana watoto saba na umri wake unakaribia miaka hamsini. Siku moja mume wake alirudi kazini, akakaa kula bukari, akamtazama, kisha akasema mbele ya watoto: "Uso wako sasa ni wa kambo." Watoto walicheka. Mama hakujibu neno. Kesho yake alichukua franga za mtaji, akanunua mafuta aliyoambiwa kwamba yanaondoa makunyanzi kwa wiki mbili.

Wiki za mwanzo uso ulilainika na ukawa mweupe, na majirani wakamsifu. Baada ya miezi michache mashavu yakawa mekundu, mishipa ikaonekana, jua kidogo tu likawa linamchoma kama maji ya moto. Kisha yakatoka madoa meusi juu ya mifupa ya mashavu. Akaanza kujifunika uso, na hakujifunika kwa ucha Mungu, alijifunika kwa haya. Alipokuja nyumbani kwetu kuomba dua, mke wangu alimshika mkono, akampeleka kwa munganga. Munganga alisema ngozi ile imekuwa nyembamba kama ya mtu wa miaka mingi zaidi. Mama alitaka kuukimbia uzee, na dawa ikamfikisha haraka kuliko miaka yake.

Ndugu zangu, katika kisa hiki kuna maswali matatu. Ngozi inazeekaje? Dini inaturuhusu nini? Na la tatu, ambalo ndilo zito: nani alimtuma mama yule dukani?

KWANZA: NGOZI INAZEEKAJE?

Chini ya ngozi Allah ameweka nyuzi zinazoishika na kuivuta irudi mahali pake, kama kamba za kitanda. Wataalamu huziita kolajeni na elastini. Tangu miaka ya ishirini na kitu nyuzi hizo huanza kupungua polepole. Hilo ni la kila mwanadamu, tajiri na maskini. Lakini kuna mambo yanayoziharibu upesi, na kubwa kuliko yote ni jua, kisha moshi wa sigara.

Sasa angalia mji wetu. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na haiko mbali na Ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10. Ndiyo maana katika miezi ya Juni na Julai unaweza kutetemeka kwa baridi asubuhi, na adhuhuri jua likakuchoma vilevile. Baridi haipunguzi miale. Na upepo mkavu wa miezi hiyo hunyonya maji ya ngozi mpaka midomo na visigino vinapasuka.

Kwa rehema yake, Allah ametupa sisi watu weusi mwavuli ndani ya ngozi yenyewe. Ni ile rangi iitwayo melanini. Inaizuia sehemu ya miale isifike kwenye zile nyuzi, na ndiyo sababu makunyanzi ya jua huchelewa kwetu kuliko kwa ndugu zetu Wazungu. Mtu mweusi wa miaka hamsini mara nyingi huambiwa ana arobaini. Hii ni neema ambayo hatukuilipia hata franga moja.

Na mkorogo unafanya nini? Unauvunja mwavuli huo. Hidrokinoni na zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi. Dawa kali za jamii ya kortizoni, kama ile iitwayo clobétasol, huikonda ngozi yenyewe na kudhoofisha zile nyuzi. Mtu analipa pesa ili aondolewe mwavuli, kisha anatoka kusimama juani kwenye mita 1,400. Ndugu msomaji, je, hii ni biashara ya mwenye akili?

Haya si maneno ya kuwatisha wanawake tu. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini aliandika juu ya wagonjwa waliotumia mafuta ya hidrokinoni, wakatokwa na madoa ya weusi wa bluu yasiyokubali kuondoka. Mwaka 1990 nchi ile ikapiga marufuku hidrokinoni katika vipodozi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika mafuta ya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa mwaka 2018, polisi walipita madukani kuyakusanya mafuta hayo. Na zebaki haiishii usoni. Inaingia mwilini na kuharibu figo, na inamfikia mtoto aliye tumboni. Nayo kortizoni ikitumika mwili mzima kwa muda mrefu, vidonda huchelewa kupona. Mama akipasuliwa ili ajifungue, mshono unaweza kugoma kufunga.

PILI: DINI INATURUHUSU NINI?

Wengine watasema, "Imamu, basi tukae na nyuso zilizopasuka?" Hapana. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri; hadithi hiyo ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Ibn Masud. Alihimiza mafuta ya zeituni, yaliwe na yapakwe mwilini, kama alivyopokea Tirmidhi. Mwili una haki juu yako, na kuutunza ni kuilinda amana.

Lakini mpaka upo. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah ametukataza kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizo. Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Na amewalaani wanaochonga meno kwa ajili ya urembo, wakabadilisha umbile la Allah. Kwa hiyo kupaka kinachoilinda ngozi ni jambo jema. Kupaka kinachoiunguza ili uonekane mtu mwingine ni jambo la hatari, duniani na Akhera.

Nayo mvi je? Siku ya kutekwa Makka aliletwa mzee Abu Quhafa, babake Abubakar Siddiq (r.a.), kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe kabisa. Mtume (s.a.w.) aliagiza weupe ule ubadilishwe kwa rangi, ila waepuke nyeusi. Pia amekataza kung'oa mvi, kwa kuwa ni nuru ya Muislamu. Tazama hekima yake: mzee anapambwa, anaheshimiwa, wala haambiwi ajifanye kijana.

Na ametufahamisha, katika hadithi ya Usama bin Sharik, kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Basi anayekuuzia chupa na kukuapia kwamba itauondoa uzee, jua kwamba anakuuzia uongo.

Haya ndiyo yanayosaidia kwa kweli, na mengi hayana bei:

1. Kivuli na nguo. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua ni kali zaidi. Kofia pana, kitambaa, mwavuli na mikono mirefu ni kinga kubwa. Mama zetu wanaoosha mawe pembeni ya maji wanapigwa na jua mara mbili, la juu na lile linalorudi kutoka majini. Wachimbaji nao wajue kwamba kobalti inaweza kuleta muwasho na mabaka kwa baadhi ya watu. Oga na badili nguo kabla hujamkumbatia mtoto.

2. Maji na mafuta. Unatawadha mara tano. Ukimaliza, uso na mikono ikiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta mepesi yasiyo na dawa. Mafuta huyafungia maji yasikimbie. Usiuoshe uso kwa sabuni kali ya kufulia.

3. Acha sigara na pombe. Pombe ni haramu, na hilo linatosha. Sigara inakunja uso kabla ya wakati wake na inakula pesa za watoto.

4. Chakula cha nyumbani. Sombe, lenga-lenga, mapapai, maembe, mawese kwa kiasi, maharagwe na samaki vinaupa mwili wa kujijengea.

5. Soma boksi. Ukiona hidrokinoni, mercure au clobétasol, rudisha. Mafuta yasiyoandikwa kilichomo, yaache. Na wewe uliyekwisha kuyatumia muda mrefu, usiyakate ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kuwaka. Nenda kwa munganga, mwambie ukweli. Ukienda kupasuliwa pia, usimfiche.

TATU: NANI ALIMTUMA MAMA YULE DUKANI?

Hapa nageuka kwa wanaume, na mimi mwenyewe nikiwamo. Mama yule hakutumwa na shetani peke yake. Alitumwa na neno la mume wake na kicheko cha watoto wake.

Makunyanzi yale yalitoka wapi? Yalitoka kwenye jua la soko, alipouza unga ili sisi tule siku ambazo mshahara haukuja. Yalitoka kwenye moshi wa kuni na usiku wa kukesha na mtoto mwenye malaria. Mwanamume akiuona uso ule anaona hesabu ya miaka aliyohudumiwa. Na badala ya kusema "Allah akulipe", anasema "umezeeka". Mtume (s.a.w.) alimkumbuka Bibi Khadija (r.a.) na kumsifu miaka mingi baada ya kufa kwake, naye alikuwa mwanamke wa makamo. Sisi tunashindwa kumsifu aliye hai ndani ya nyumba.

Kuna jambo baya zaidi. Katika nchi zetu uso wenye makunyanzi umegeuzwa ushahidi. Usukumani, huko Tanzania, kwa miaka mingi vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni wa maisha yao yote. Na kwetu je? Mtoto akiugua, au jiwe likianguka shimoni, mara ngapi macho ya watu yamemgeukia mama mzee anayekaa peke yake? Ikiwa kuzeeka ni kosa mbele ya jirani, nani asiyekimbilia dukani?

Mtume (s.a.w.) amesema kwamba si katika sisi asiyewahurumia wadogo zetu na asiyewatukuza wakubwa zetu. Na kumheshimu Muislamu mwenye mvi amekuhesabu kuwa sehemu ya kumtukuza Allah mwenyewe. Basi anayemdhihaki mzee na ajiulize anamdhihaki nani.

HOTUBA YA PILI

Ndugu Waislamu, katika Suratur Rum, aya ya 54, Allah anatukumbusha safari yetu: tulianza katika udhaifu, tukapewa nguvu, na baada ya nguvu unakuja udhaifu na mvi. Hakuna aliyeruka kituo. Mtume (s.a.w.) ametuusia tuutumie ujana kabla ya uzee, na hakutuambia tuusimamishe ujana usiondoke.

Imepokewa kwamba mwanamke mzee alimwomba amwombee Pepo. Mtume (s.a.w.) akamtania kwamba wazee hawaingii Peponi. Yule mama akageuka akilia, ndipo akaamuru aambiwe kwamba hataingia akiwa mzee, kwani Allah atamuumba upya. Ndugu msomaji, ujana usiokwisha upo kweli, lakini hauuzwi sokoni.

Na uso wenye nuru pia upo. Ametufahamisha kwamba umma wake utaitwa Siku ya Kiyama nyuso na viungo vyao viking'aa kwa athari ya udhu. Mama aliyetawadha mara tano kwa siku kwa miaka arobaini, makunyanzi yake yote yamepitiwa na maji yale.

Ijumaa hii nakupa kazi moja. Ukifika nyumbani, kabla ya kuomba chakula, mtazame mke wako, au mama yako, au kambo yako, usoni. Mwambie neno jema, na liwe mbele ya watoto. Yule mume niliyemtaja alifanya hivyo mwishoni, baada ya munganga kumweleza. Madoa hayajaondoka yote. Lakini mama amerudi sokoni na uso wazi, na mwavuli juu ya meza ya unga aliununua mume mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie miili uliyotuamini nayo. Wahurumie wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Waponye walioumizwa na dawa za uongo, na uwaongoze wanaoziuza. Zing'arishe nyuso zetu siku ambayo nyuso zitang'ara na nyingine zitafifia. Amin.

Ukimaliza kusoma mpe jirani, na mama asiyejua kusoma msomee. Karatasi hii ina jina la Allah: usiitupe chini, wala usifungie maandazi.