Nani Mwenye Hatia Siku za Jua Kali?



Mwanamke akiharibikiwa na mimba changa siku za joto, watu huuliza upesi: Kwani alikwenda kufanya nini juani? Swali hilo lina hukumu ndani yake. Basi yatupasa tulipime kabla ya kulitamka.

Kwanza tujue mambo yalivyo. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho na kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Lakini damu hiyo na maji hayo yatakiwa pia kwenye tumbo la uzazi. Tena ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika kabla ya mwezi mmoja kutimia tangu mimba kutungwa. Joto la mwili wa mama likipita digrii 39 siku zile, laweza kumdhuru mtoto, na huenda mama mwenyewe hajajijua kuwa ana mimba.

Katika jimbo la Tamil Nadu, Bara Hindi, wataalamu waliwafuata wanawake wajawazito 800, nao wakatangaza matokeo mwaka 2024. Waliofanya kazi penye joto kali, kama mashambani na kwenye tanuri za matofali, hatari yao ya kuharibikiwa na mimba au kuzaa mtoto mfu ilikuwa kama mara mbili ya wenzao. Je, walilipenda jua? La, walitafuta chakula. Hatia hutaka hiari, na asiye na hiari hana hatia. Tena mimba nyingi huharibika kwa kasoro zilizokuwamo tangu kutungwa, ambazo mama hawezi kuzizuia.

Labda mume atajibu: Sikujua, mimba changa haionekani, na desturi yakataza kuitangaza mapema. Neno hilo ni kweli, lakini halimwondolei wajibu. Kwa maana ajua ya kuwa mkewe aweza kuwa na mimba, tena ajua ya kuwa jua ni kali. Mwenye kujua hayo mawili hana haja ya kungoja habari nyingine. Na achote maji yeye mwenyewe. Kazi ya shamba ifanywe alfajiri. Adhuhuri mke apumzike kivulini, anywe maji ya kutosha. Na mwenye vibarua awape wanawake wote nafasi hiyo, bila kuchungua siri ya mtu.

Basi tukimwona mama aliyepotewa na tumaini lake, tusimwulize alifanya nini juani. Tujiulize ni nani kati yetu aliyeweza kumpunguzia mzigo, wala hakumpunguzia.